Shuka Linaishia Kidevuni

Vijana wa darasa jipya, hamjambo humo.

Mratibu wenu alinipigia simu akaniomba nije Iringa siku mnayoanza masomo niwape maneno ya kutia moyo. Nilimjibu kwamba magoti yananisumbua na safari ya basi kutoka Mbeya inanichosha. Magoti yananisumbua kweli, lakini siyo yaliyonizuia. Sina maneno ya kutia moyo. Nimeyatafuta hapa mtaa wa Soweto, Mbeya, nyumbani kwa binti yangu, asubuhi nikichambua mchele, jioni nikisubiri maji yachemke, nikayakosa. Basi nimeona heri niwaandikie hayo niliyo nayo. Mratibu akitaka atawasomea, asipotaka atayatia kapuni, shauri yake.

Najua mmekaa humo na daftari mpya. Yupo mpishi kati yenu, yupo dobi, wapo wafagizi, yupo mlinzi wa geti, yupo mama anayeshona mashuka yaliyochanika. Nyote ni waajiriwa wa hospitali, na mmeambiwa kwamba mkimaliza mtakuwa wasaidizi wa tabibu. Mtapima presha, mtafunga vidonda, mtaogesha wagonjwa wasiojiweza, mtagawa dawa alizoandika daktari. Aliyekuwa akiyasema maneno hayo pale mbele mwaka hadi mwaka ni mimi. Nilianzia kufundisha Mbeya, kisha nikahamia Iringa na mume wangu, tukapanga nyumba Ipogolo, nikafundisha katika hospitali moja ambayo sitaitaja mpaka nikastaafu. Kwa cheti mimi ni muuguzi, ila wote waliniita Mwalimu.

Kitu kimoja nilikijua mapema, nacho hakimo kwenye vitabu vyenu. Mtu hahamii kazi mpya peke yake, anahama na mikono yake. Kichwa kinaelewa somo kwa wiki moja, mikono inaendelea na kazi ya zamani.

Kwa mfano, Mama Neema. Alikuwa amepika uji na maharage jikoni kwa hospitali nzima tangu usichana wake. Nilimkabidhi dawa ya kikohozi ya watoto na kijiko cha kupimia, akamimina sawasawa bila kumwaga hata tone. Kisha akakiinua kijiko, akaonja, akatafakari, akaniambia, "Mwalimu, hii sukari imepungua." Mtoto alikuwa kapanua mdomo anasubiri, na mama yake mtoto akauliza kama hiyo dawa ni ya kuchangia. Nilimkemea Mama Neema, akaomba radhi kwa moyo wote, na kesho yake akaonja tena. Ikabidi tumvalishe barakoa kila anapogawa dawa, na hata hivyo kijiko kilikuwa kinagonga barakoa kwanza.

Tabitha alikuwa mfagizi. Siku yake ya kwanza wodi ya wanaume alipewa kipimajoto, akaenda mpaka kitanda cha jamaa aliyevunjika paja, mguu umening'inizwa juu kwa kamba na vyuma. Tabitha akainama na kumwambia kwa heshima zote, "Baba, nyanyua miguu." Yule bwana akautazama mguu wake ulivyokuwa unaelea hewani, akamjibu, "Mama, huu wameshaninyanyulia." Wodi ilicheka mpaka wenye mishono wakaomba tunyamaze.

Na Bosco wa getini alikuwa anasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, ndugu wakija na hotpoti za chakula anazifungua na kuchungulia. Alikuwa na macho mazuri ya kuona mgonjwa aliyebadilika rangi, lakini wagonjwa walimwogopa, wakadhani wamekamatwa.

Nacheka nikiandika hapa, halafu nakumbuka walikoishia. Wote watatu walifaulu. Tulipiga picha, tukala pilau, mganga mfawidhi akahutubia. Baadaye tukaambiwa nafasi za kada hiyo hazijafunguliwa, wasubiri. Mama Neema akarudi kwenye masufuria. Tabitha mpaka leo anafagia wodi ileile aliyofanyia mtihani, na wauguzi wakizidiwa humwita apime presha, akimaliza anachukua fagio lake. Bosco alisubiri akachoka, akaondoka kwenda Makongolosi kwa wachimba dhahabu. Huko ana chumba nyuma ya baa, anachoma watu sindano, wanamwita dokta. Nilipopata habari hizo niliumia, maana najua alijua dozi za nini na hakujua dozi za nini.

Lakini siwaandikii kwa ajili ya hao. Hao walitoka kwangu wakiwa wazima. Nataka niwaambie habari za Lukelo.

Lukelo alikuwa mhudumu wa mochwari. Kijana wa Kihehe, mrefu, msafi kuliko madaktari, kucha zimekatwa hadi mwisho. Aliingia kazi ile baada ya mzee aliyekuwa akiifanya kuanguka, na kwa kuwa hakuna aliyeitaka, akaachiwa. Mji mzima ulimjua. Kila ukoo wa pale Iringa, Mkatoliki, Mlutheri, hata familia za Wahindi wenye maduka, ulikuwa umepitia mlangoni kwake siku moja na kumkuta amesimama kimya na aproni yake. Sokoni walimpisha. Watu walimsalimia kwa Kihehe, kamwene, kwa mbali, na aliyemkuta kwenye kaunta ya soda alikumbuka ghafla kwamba ana haraka.

Siku ya usaili nilimuuliza kila mmoja kwa nini anataka mafunzo haya. Wengi walijibu wanataka kujiendeleza, jibu ambalo hata nyinyi mmelitoa, msinidanganye. Ikafika zamu ya Lukelo.

"Mwalimu," akasema, "mimi naosha watu miaka yote hii. Nawaosha vizuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia asante."

"Ndugu zao hawakushukuru?"

"Ndugu wanashukuru ili niwahi kumaliza. Mimi nataka aniambie yule niliyemuosha."

Nilimpitisha palepale. Mwenzangu kwenye usaili alinikanyaga mguu chini ya meza, nikajifanya sijahisi.

Sasa inabidi niwaeleze somo la kuogesha mgonjwa kitandani, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Mimi nilifundishwa na Sista Benedikta, mtawa aliyekuwa na mikono mikubwa na hasira za karibu, Mbeya, nikiwa msichana. Siku hizi mnafundishwa kwa slaidi na yule mdoli wa mpira aliyelala maabara. Mdoli ni mzuri, haumii na halalamiki. Ila mdoli hana aibu wala haoni baridi, na kuogesha mgonjwa ni kazi ya kuangalia aibu na baridi. Kwa hiyo sikilizeni. Unaanza na uso, kwa maji matupu bila sabuni. Unaosha kiungo kimoja kimoja, vingine vyote vimefunikwa. Unamwambia kabla hujamgusa: baba, sasa nakuinua mkono wa kushoto. Hata kama hajitambui unamwambia, maana hujui anasikia nini. Maji yakipoa unabadilisha, na Nyanda za Juu hizi mwezi wa saba yanapoa ukigeuka tu. Ukimaliza unamfunika shuka safi, na shuka linaishia kidevuni. Sista Benedikta alikuwa anakupiga kofi la mkono likipita hapo. Alisema mgonjwa lazima alione dari. Akiona dari anajua bado yumo kwenye hesabu yetu.

Lukelo alilipokea somo hilo kuliko yeyote niliyewahi kumfundisha. Yale ya kuosha aliyajua, nilichomwongezea ni maneno. Mwanzoni alimwosha mdoli kimya. Nikamwambia zungumza naye. Akaniuliza nimwambie nini. Nikasema mwambie unachofanya. Akaanza kunong'ona kwa mdoli kama anamwambia siri, darasa likawa linajifinya kwa kicheko, naye hakujali.

Kasheshe ilianza tulipoingia wodini. Mgonjwa wa kwanza kumwona alivuta blanketi akageukia ukutani. Wa pili akasema amepona. Wa tatu, mtu wa makamo aliyelazwa kwa tumbo, alimtazama Lukelo anavyokuja na beseni, akanigeukia mimi uso umempauka.

"Sista, daktari amesemaje kuhusu mimi mpaka mmemleta huyu?"

Nilimweleza kwamba Lukelo yuko masomoni na hajaja kikazi. Akasema anaelewa kabisa, ila akaomba aje mwingine. Lukelo akaweka beseni chini, akasema, "Pole, baba," akatoka. Nilimkuta nyuma ya jengo la dobi anakunja na kukunjua kitambaa.

Nikapata wazo nililoliona la maana. Nikapiga simu kwa wenzangu wa zamani Mbeya, wakakubali Lukelo akafanye mazoezi yake huko kwa miezi michache, ambako hakuna aliyemjua. Wakamweka kwa wagonjwa wa nje, kupima presha na kusafisha vidonda.

Alirudi akiwa mtu mwingine. Nakumbuka alivyoingia darasani bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanisalimia kwa Kinyakyusa changu. "Ugonile, Mwalimu." Nikamuuliza kakipata wapi. Akasema kuna bibi mmoja wa Tukuyu aliyekuwa na kidonda mguuni, kila akimaliza kumfunga bendeji bibi anamwambia ndaga fijo.

"Nikawauliza wenzangu maana yake nini. Wakaniambia asante sana." Akatabasamu, na mimi nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake. "Mwalimu, alikuwa ananiambia kila siku. Hata siku nyingine kidonda kinauma, ananiambia."

Nilitamani abaki hukohuko, nawaambia ukweli. Nilijaribu. Lakini alikuwa mwajiriwa wa hospitali ya Iringa, nayo ndiyo iliyomsomesha, na uhamisho uliniletea nenda rudi mpaka nikakoma. Mtihani wa vitendo nao ulikuwa ufanyike hospitali ileile, kwa wagonjwa wa mji uleule.

Kwa mtihani wa kuogesha ilibidi apatikane mgonjwa atakayekubali. Nilipita kitanda kwa kitanda kama mtu anayeomba kura. Aliyekubali alikuwa Bibi Semfilinge, bibi mmoja wa Kihehe, mwembamba, mapafu yamechoka, akili nzuri kabisa. Nilimwambia kwa uwazi ni nani atakayemwogesha.

"Namjua," akasema. "Alimwosha mzee wangu. Mwache aje."

Wasahihishaji wawili walikuja kutoka nje, mwanamume na mwanamke, wakasimama upande mmoja na kalamu zao. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda. Mapazia tulifunga nusu ili nao waone. Lukelo aliingia na beseni, akasalimia, "Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu."

Akaanza na uso, maji matupu. "Bibi, sasa nakufuta macho." Akaenda kiungo kwa kiungo, hakumwacha wazi hata bega. Alibadilisha maji bila kukumbushwa. Msahihishaji wa kike aliacha kuandika akawa anatazama tu. Bibi alikuwa amefumba macho, amestarehe, na katikati ya kazi akaanza kuongea.

"Mzee wangu ulimpaka mafuta?"

"Nilimpaka, bibi."

"Nilijua. Alikuwa anang'aa. Niliwaambia watoto, huyu aliyemshika baba yenu ana mikono ya upole."

Nilimwona amebadilika. Alikuwa anaendelea na kazi vizuri tu, lakini alikuwa ameacha kusema anachofanya. Alifuta miguu kimya. Alikausha kimya. Alimvalisha gauni kimya. Nikataka kukohoa nimstue, nikaogopa wasahihishaji watadhani namdokezea. Bibi akafumbua macho, akamtazama, nikaona midomo yake inafunguka kutaka kumwambia neno. Naye Lukelo akashika ncha mbili za shuka safi, akalivuta taratibu, kwa heshima yote, kifuani, kidevuni, puani, likapita nywele, akalinyoosha vizuri pande zote mbili na kurudi nyuma hatua moja.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alianza kusali. Shuka likapanda na kushuka kidogo, halafu sauti ya Bibi Semfilinge ikatoka chini yake, bila hasira kabisa.

"Bado, mwanangu. Bado nipo humu."

Lukelo alilirudisha shuka kwa mikono miwili. Alichukua beseni lake, akamwaga maji panapostahili, akatundika aproni, akaondoka na kwenda mochwari, maana hakujua pengine pa kwenda.

Bibi Semfilinge alifariki kabla wiki haijaisha. Mapafu yake yalikuwa yameshakwisha, daktari alikuwa amewaambia wanawe mapema. Mnaujua mji lakini. Ipogolo yote ilisema Lukelo ndiye aliyemwitia kifo. Nilimkuta muuza nyanya anaieleza habari hiyo kwa mteja, nikamfokea mbele za watu, akanifungia nyanya zangu bila kunitazama na habari yake akaendelea nayo.

Alifelishwa, lakini sheria iliruhusu kurudia. Akasema harudii. Nilimfuata. Nikamwambia mkono unafundishika, nimefundisha mikono mingapi. Tukakaa na yule mdoli wa mpira kila jioni kazi zikiisha, mimi nimekaa kwenye kiti naye anaogesha. Osha, kausha, funika, kidevuni. Osha, kausha, funika, kidevuni. Alipopitiliza nilimpiga kofi la mkono kama nilivyopigwa na Sista Benedikta. Akawa anajisemea mwenyewe, kidevuni, kidevuni, hata akitembea kwenye korido. Mume wangu alikuwa ananisubiri nje na thermos ya chai, anachungulia dirishani anacheka. "Mnamtesa marehemu wa watu," alikuwa ananiambia. Baba Tusekile alipenda utani. Akampenda na Lukelo pia, akawa anamwekea kikombe chake cha chai.

Basi mkono ukajifunza. Alirudia mtihani kwa mgonjwa aliyetoka mbali, akafaulu kwa alama za juu. Nilicheza siku ile, mzee mzima, kwenye chumba cha walimu.

Nikampeleka kwa metroni kudai apangiwe wodi. Metroni si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, wagonjwa hawamtaki. Nikimweka wodini nalazimika kumpa na mtu wa kumfuata nyuma kuwatuliza."

"Watamzoea."

"Wakimzoea watakuwa wameshatoka au wameshakufa, watakuja wengine. Halafu nieleze, wodini naweza kupata watu. Mochwari nitampeleka nani?"

Lukelo alikuwa amesimama mlangoni anasikia yote. Akarudi mochwari. Wale wanaosema mafunzo hayaozi hawakumwona Lukelo baada ya hapo.

Maana sasa mkono ulikuwa umejifunza. Ndugu walipokuja kuwachukua wapendwa wao walikuta wamelala safi, wamepakwa mafuta, na uso wazi, shuka limeishia kidevuni. Binti mmoja alizimia mlangoni kwa kudhani mama yake amezinduka. Kaka wa marehemu mwingine alimsikia Lukelo ndani anasema, "Mama, sasa nakugeuza ubavu," akavunja kioo cha mlango kutaka kuingia. Malalamiko yakafika kwa mganga mfawidhi. Lukelo akaonywa, akaahidi, akajitahidi. Alikuwa anavuta shuka mpaka kidevuni, anasimama, anaanza upya, linasimama palepale. Ilibidi amwite mfagizi aje amalizie. Na mfagizi asipokuwepo, uso unabaki wazi. Wakamwambia ikitokea tena watampeleka bustanini akakate majani.

Mtaniuliza kwani nilikosea wapi. Sikukosea, wanangu. Ndicho kinachoninyima usingizi. Nilimfundisha jinsi nilivyofundishwa, na alishika jinsi ninavyopenda mtu ashike. Kabla ya mimi alikuwa mtu mwenye kazi moja anayoiweza kuliko wote. Baada yangu akawa hana hata hiyo. Nimewaza na kuwaza ningefanya nini tofauti, na kila nikianza upya nafika mahali palepale, nampitisha kwenye usaili.

Baba Tusekile alianza kuumwa mara baada ya mimi kustaafu. Ini. Alilazwa hospitali yetu ileile, nikamwogesha mwenyewe kila asubuhi kwa sababu wauguzi walikuwa wachache na wasaidizi niliowafundisha walikuwa jikoni na kwenye mafagio. Alifariki saa za kifungua kinywa, uji wa Mama Neema uko pembeni haujaguswa. Ilikuwa tumsafirishe kuja Mbeya kwa mazishi, kwa hiyo walimshusha mochwari akaandaliwe.

Nilimfuata. Lukelo alinikuta mlangoni.

"Mwalimu, kaa nje."

"Sikai nje. Ningekuwa mtu wa kukaa nje ningekuwa nimekaa nje maisha yangu yote."

Akanipa nafasi kichwani pa meza, akachukua beseni. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, naapa, na mle ndani hakuna sababu yoyote ya maji kuwa ya uvuguvugu. Akaanza na uso, bila sabuni.

"Baba Tusekile, ni mimi Lukelo. Sasa nakufuta macho."

Akaendelea hivyo hadi mwisho. Baba, nakuinua mkono wa kushoto. Baba, vumilia kidogo nakugeuza. Kila kiungo kwa zamu yake, vingine vimefunikwa. Nimetazama mitihani mingi kwenye maisha yangu, na sijawahi kuona mgonjwa akiogeshwa vizuri namna ile. Akampaka mafuta. Akamchana nywele upande aliokuwa anachana mwenyewe, maana alikumbuka. Halafu akachukua shuka safi, akalivuta kifuani, na kidevuni likasimama.

Nje wanangu na shemeji zangu walikuwa wanasubiri na jeneza. Mfagizi hakuwepo.

"Funika, Lukelo," nikamwambia.

Akajaribu. Nilimwona anajaribu, mishipa ya mkono imemtoka.

"Mkono hauendi, Mwalimu."

Nikamwambia haya basi. Nikamwambia ndaga fijo, kwa lugha ya mume wangu, kwa kuwa ndivyo ambavyo mume wangu angesema. Lukelo hakunitazama. Alikuwa amemwinamia Baba Tusekile, anautazama mdomo wake, anangoja.

Nilimwacha angoje kidogo. Kisha nikashika ncha mbili za shuka, nikalivuta mwenyewe mpaka juu.